Sindano ya Sukari

Mtaani kwetu Sib, Omani, kila mtu ana hadithi njema ya Mwalimu, basi mimi nianze na ubaya wake. Alikuwa haachi neno lipite. Ukikosea kusema, hata ukiwa unampa habari ya msiba, atangoja umalize, atakupa pole, kisha atakurudishia neno lako limeshanyooka. Siku mama yangu alipofariki nilimwendea nikilia, nikamwambia mauti imemkuta. Alinikumbatia, akanifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake, akaninong'oneza sikioni, "Yamemkuta." Nilimnunia mwaka mzima kwa neno lile, na mpaka leo sijapata kulikosea tena.

Kazaliwa wapi na ni binti wa nani, hayo waulizwe wanawe. Sisi tuliotoka Unguja miaka ya sabini tumeshachoka kusomeana nasaba. Mimi nilimjua kwa ukuta. Nyumba zetu za serikali zilipakana, uani kwake na uani kwangu palitenganishwa na tofali za kimo cha mtu, na kwa miaka ishirini na zaidi nilisikia kila alilolisema. Nilimsikia akisomesha watoto Kurani baada ya alasiri, nikamsikia akiwafundisha wake za watu Kiingereza cha kwendea hospitali, nikamsikia akicheka. Mimi nilikuwa mpiga taipu katika wizara moja. Yeye alisomesha skuli ya wasichana. Nyumbani kwangu walikuja watu walioalikwa. Kwake walikuja wote.

Nisiseme kwa kuzunguka: nilimwonea wivu. Si wivu wa kumtakia mabaya, nilijiambia hivyo miaka mingi, ni wivu wa kutaka na mimi. Alikuwa na hati nzuri ya mkono, mimi niliyeandika kutwa kwa mashine sikuwa na hati. Alikuwa mwanamke wa mwanzo mtaani kuendesha gari, akiliendesha polepole hata malori yakimpigia honi barabara ya uwanja wa ndege, naye akiwapungia mkono madereva akidhani wanamsalimu. Mimi nilifeli mtihani wa leseni mara tatu nikaacha. Mkate wake wa kumimina ulikuwa kila siku umebonyea katikati, kwa sababu hakuweza kungoja uive bila ya kufunua. Wangu ulisimama vizuri, umechambuka, una rangi. Watu walikula wa kwangu wakanyamaza, wakala wa kwake wakaomba kufundishwa.

Na huyu aliyeshindwa kungojea mkate ndiye aliyetuhubiria subira. Mambo yake mengi yalikuwa hivyo, hayakubaliani. Alikataza watoto uwongo, na umri wake mwenyewe haukupata kufika sitini mpaka aliponaswa na karatasi za pensheni. Alichukia ugomvi, lakini mieleka ya televisheni ilikuwa haimpiti. Siku ya mieleka darsa lilikwisha mapema, watoto wakatolewa mbio, na mimi huku upande wangu nikamsikia Mwalimu wa Kurani akimshangilia jitu la Kimarekani lililovaa chupi. Ukimtania alijibu kwamba anatazama watu wanavyoanguka ili ajue namna ya kuinuka. Alikuwa na jibu la kila kitu, na hilo nalo lilinikera.

Lakini kitu nilichomwonea wivu kuliko vyote ni safari ya umra. Kila mwaka mama mmoja wa Matrah aliyerithi kazi hiyo kwa marehemu mumewe alipeleka hamla, yaani kundi la safari, kwa basi mpaka Makka, na kiongozi wa wanawake alikuwa Mwalimu. Ndiye aliyewahesabu kila kituo, aliyewatia vikongwe katikati wakati wa kutufu, kuizunguka Kaaba, aliyekwenda nao baina ya vilima vya Safa na Marwa kwa miguu akirudi nyuma kuwachukua waliochoka. Wanawake waliporudi walisimulia Kaaba kidogo na Mwalimu sana. Mimi miaka hiyo nilikuwa nauguza mume. Nilikaa nikasikiliza, nikawatilia kahawa, nikajiambia zamu yangu itafika.

Mume alipofariki na zamu kufika, goti langu la kulia lilikuwa limeshakufa. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Hospitali ya serikali wakanipiga picha, wakanambia ule ulaini ulio baina ya mifupa umelika, mfupa unasaga mfupa, nipunguze mwili na nifanye mazoezi. Wakanipa vidonge vilivyoniunguza tumbo. Nikarudi nyumbani nimenuna, nikamkuta Mwalimu mlangoni kwake ameshika ukuta kwa mikono miwili, anashuka kidato kimoja kama anayeshuka kisimani. Yeye yalikuwa magoti yote mawili.

Mtanisamehe, nilifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane tulikuwa sawa. Kwetu goti si kiungo cha kutembelea tu. Kwa goti unakaa chini kwenye sinia na wenzio, kwa goti unasujudu. Asiyekunja goti hupewa kiti cha plastiki kando ya ukuta, akaletewa chakula chake peke yake kwenye sahani, na kwenye sala akawekwa mwisho wa safu. Kwenye kila hitima na kila harusi tukawa wawili ukutani, mimi na Mwalimu, tunawaangalia wengine vichwa kwa juu. Yeye magoti yake aliyaita wapangaji. "Leo wapangaji wamegoma," husema, au, "Wapangaji wamenidai kodi usiku kucha." Tulichuana mafuta ya habbasoda, tukafungiana uwatu uliopondwa, tukabadilishana vidonge kinyume cha amri ya madaktari. Miaka ile ndiyo tuliyopendana sana. Uongozi wa hamla alimwachia mpwa wa mwenye hamla, yule mama wa Matrah, na mimi nilimwambia pole, Mwalimu, ndiyo uzee.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili akapata habari za daktari mmoja wa kigeni, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, anayetibu magoti kwa sindano za namna nyengine. Akanibeba nimsindikize. Tukaenda kwa gari lake, safari ya nusu saa tukaifanya saa nzima. Daktari alikuwa kijana mrefu mwenye sauti ndogo. Alieleza kwa Kiingereza, na Mwalimu akanifasiria neno kwa neno kama niko darasani: atampiga sindano ya maji ya sukari, sukari kali ya hospitali, ndani ya goti na kando kando yake. Sukari ile itauchokoza mwili, mwili utadhani umejeruhiwa, utakimbilia pale kujijenga. Hakuahidi kitu. Alisema wengine hupata nafuu na wengine hawaambui chochote, na hata nafuu ikija hajui itakaa muda gani.

Niliingia naye ndani, nikashika mkoba wake. Nesi alisugua goti kwa dawa ya rangi ya kahawia, daktari akapapasa na kidole, akachoma, akatoa, akachoma pengine. Mwalimu alifumba macho akasoma aya ya Kursi kwa sauti. Alipofumbua alimwambia daktari kwamba neno moja la Kiingereza alilitamka sivyo.

Na mimi nilitaka. Mwalimu alipotangulia nje kulipa, nilimwomba daktari kwa Kiingereza changu cha ofisini. Daktari akanitoboa kidole, akaangalia kile kimashine chake, akatikisa kichwa. Sukari yangu ilikuwa juu mno. Hachomi goti la mtu wa namna ile, linaweza kuoza. Niishushe kwanza, nirudi baada ya miezi mitatu. Basi lazima niseme na hili: nilikuwa na ugonjwa wa sukari miaka sita na hakuna aliyejua ila mimi na kadi yangu ya hospitali. Sikutaka kuwa mgonjwa mbele za watu, kila kijiko cha halwa kikisindikizwa na macho. Nje Mwalimu aliniuliza daktari kasema nini, nikamwambia kasema goti langu halijafikia huko. Alinipongeza. Miezi mitatu ikapita, na mimi halwa sikuiacha.

Yeye alirudi mwezi wa pili, na wa tatu, na wa nne. Mara ya kwanza goti lilivimba akalia kwa maumivu, nami nikamfunga kitambaa cha maji baridi kwa moyo safi kabisa. Kisha likaanza kulegea. Asubuhi moja tulikwenda pwani, mnadani, kununua nguru. Nilikuwa nimeegemea gari, nikamwona Mwalimu anachutama. Alichutama kama msichana, magoti yote mawili, akafunua mashavu ya samaki kuangalia wekundu wake, akateta na mwenye samaki, akainuka bila kushika kitu. Nikamwambia, "Mashaallah, Mwalimu," kwa sababu ndilo neno la kusema mtu asije akalaumiwa kwa kijicho.

Ijumaa ile palikuwa na hitima nyumba ya tatu. Nilikwenda nikakaa ukutani, nikaweka mkoba wangu juu ya kiti cha pili kumshikia nafasi. Aliingia, akanisalimu, akapita. Akakaa chini kwenye mkeka, akakunja miguu, akanawa, akatia mkono kwenye sinia. Wakati wa sala nilimwona mgongo wake katika safu ya mbele, nikauona unashuka mpaka chini, paji la uso kwenye busati, na ukakaa huko muda mrefu kupita mtu yeyote. Sikuisikia sala yangu mimi.

Baadaye mmoja akamuuliza magoti yamepona kwa dawa gani. Mwalimu, ambaye maisha yake yote alikuwa akitupangia maneno yetu, akajibu bila ya kufikiri, "Alhamdulillahi, nnapigwa sindano ya sukari, kila mwezi."

Kwetu maradhi na kitu chenyewe vina jina moja. Mtu anayepigwa sindano ya sukari ni mgonjwa wa sukari, tena aliyekwisha shindikana kwa vidonge. Jirani yake wa kulia akaisogeza sahani ya halwa taratibu, kwa adabu, mpaka ikawa haifikiki. Wakasema kumbe ndiyo maana amekonda. Kisha birika la chai isiyo sukari likaletwa likawekwa mbele yake, na mwenyewe hajui kwa nini.

Kuanzia wiki ile akaanza kuletewa karela chungu zilizochemshwa, mbegu za uwatu, mkate wa shayiri. Alipofahamu alicheka, kisha akachukia. Akawaambia hana sukari, ni goti linalotiwa sukari. Wakamwitikia ndiyo, Mwalimu, ndiyo. Kila mwenye sukari husema hana. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema hivyo hivyo. Na kwa kuwa ndiye niliyemsindikiza, wakanijia mimi mmoja mmoja kuuliza. Ningeweza kulimaliza kwa neno moja. Nilisema ya mtu na daktari wake mimi siyajui. Nikala halwa mbele yao, vijiko vitatu, na yeye kando akiwa na chai yake chungu. Nilionja utamu ule kuliko siku zote.

Mwezi wa Rajabu mwenye hamla alikuja kwangu. Alikuja mchana, akakaa, akanywa kahawa mbili, akazunguka sana kabla ya kufika. Mwalimu ameomba uongozi wake urudi. Wanawake wote wanamtaka, na yeye anamtaka, lakini amesikia habari. Zamani mumewe alipata kumchukua mwanamke mwenye sukari, akazimia katikati ya jangwa, mji uko mbali, akawafia. Tangu siku hiyo mama huyu aliapa. Kiongozi mwenye sukari hamtii ndani ya basi. "Wewe ndiye jirani yake," akanambia, "na wewe unamcha Mungu. Niambie kweli. Mwalimu ana sukari?"

Nilijua analotaka kujua, na nilijua jibu. Niliona Safa na Marwa. Nilimwona Mwalimu anakwenda kwa miguu yake, mimi nikiwa juu ya kiti cha magurudumu nyuma yake nasukumwa na mtu wa kukodi, na wanawake wakirudi na hadithi zao. Nikasema, "Mimi nimemwona kwa macho yangu anapigwa sindano ya sukari."

Kila neno lilikuwa kweli. Hata Mwalimu asingepata cha kusahihisha.

Mwenye hamla alimwambia basi limejaa. Hakumwambia sababu, maana alimheshimu. Wana wa Mwalimu wote walikuwa ng'ambo na hakuwa na mwengine wa kumpeleka. Mimi nafasi nilipata. Siku ya kuondoka alikuja kuniaga, ameniandalia kikapu: mayai ya kuchemsha, mkate wa kumimina uliobonyea, na taulo dogo la kufutia jasho la shingo, kwa sababu alijua mahali basi linapokosa upepo. Akaniombea salama, akanambia nimwombee dua nikifika. Nilimwombea. Nilimwombea rehema, nilimwombea wanawe, nilimwombea mwisho mwema. Magoti sikumwombea.

Mwaka wa pili mwenye hamla aliniuliza tena kama hali ya Mwalimu ni ile ile. Nilisema ni ile ile. Mwaka wa tatu hakuniuliza, wala Mwalimu hakuomba. Alikuwa na kiburi chake, hakujua kubembeleza. Na mwaka ule ule magoti yakaanza kurudi yalikotoka. Yule daktari alikuwa amekwisha ondoka nchini. Aliyekuja badala yake alimchoma mara mbili bila ya faida, akamwambia kilichobaki ni kukatwa na kutiwa goti la chuma, na madaktari wa moyo wakasema moyo wake hautabeba operesheni. Alipata miaka mitatu ya magoti. Hakupata mengine.

Sukari yangu ilijitangaza yenyewe. Nilianguka jikoni, nikalazwa, wakanikata kidole cha mguu, na mtaa mzima ukajua, pamoja na miaka niliyokuwa nayo. Nilipotoka hospitali nilikaa wiki mbili nyumbani nikimsikia Mwalimu upande wa pili. Hakuwa anasomesha tena. Alikuwa akisema na mtumishi wake, na mara nyengine na televisheni. Wiki ya tatu nikachukua mkongojo nikaenda.

Alikuwa sebuleni, miguu imefunikwa shuka. Nilimwamkia, akaitikia, akanitaka nikae. Aliniuliza kidonda. Nikamwambia kinapona. Kisha nikamwambia lile nililokwenda kusema, kwa haraka, nisije nikapata nafasi ya kulipamba.

"Mwalimu, mwenye hamla aliniuliza kama una sukari. Nilimwambia nimekuona unapigwa sindano ya sukari. Mara mbili, miaka miwili. Nilijua atafahamu vipi, ndiyo maana nikasema vile."

Hakushtuka. Alikuwa ananitazama kama anayesikiliza mtoto anasoma, anangoja aya imalizike.

"Na mwenye sukari ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

Nilidhani atanifukuza, na nilitaka anifukuze. Badala yake akauliza kitu nisichokitarajia.

"Ulipofika kule, mbele ya Kaaba, uliweza kusujudu? Mpaka chini?"

"Sikuweza, Mwalimu. Nilisali juu ya kiti."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Akayaangalia magoti yake chini ya shuka. Akatia mkono akayashika, moja kisha la pili.

"Miye wakati ule nlikuwa naweza," akasema. Halafu akalia. Sikuwa nimepata kumwona akilia, hata alipozikwa mumewe. Nilitaka kumsogelea na goti langu likakataa kuinuka upesi, nikabaki pale nilipo, namwangalia.

Aliponyamaza nilimwomba msamaha. Alijifuta uso, akanambia, "Nimekusamehe, mdogo wangu, wallahi nimekusamehe. Lakini leo nenda. Na kesho usije. Njoo kesho kutwa."

Nilikwenda kesho kutwa, asubuhi, kabla hajabadili nia. Ni hatua arubaini kutoka mlango wangu mpaka wake, na kwa mguu wangu ni safari. Nilitarajia kuwa mwepesi, maana nimeungama na nimesamehewa. Lakini nilipofika nusu ya njia nilikijua kile kitu kilichonishika siku ile ya mnada wa samaki, nilikijua vizuri, ni mwenzangu wa miaka mingi. Nilikuwa namwonea wivu. Alikuwa ametendewa jambo kubwa na akaweza kulisamehe kwa siku moja, na mimi maisha yangu yote sijapata kumsamehe mtu yeyote kitu.